Maji Maangavu

Barua ya jimbo ilifika Jumanne,
pamoja na bili ya umeme na katalogi ya mbegu za nyanya.
Nikaifungua kwa kisu cha samaki.
Bwawa lenu, ilisema, limepandishwa daraja.
Nikafurahi kidogo, ujinga wangu.
Nilidhani kupanda ni kupanda.

Orrin Huckaby alilisukuma tuta hili kwa buldoza la kuazima
kiangazi cha sitini na tatu, Missouri ikiungua,
udongo wa mfinyanzi kutoka kilima cha mashariki,
futi ishirini na mbili kwenda juu,
bila mhandisi, bila mchoro,
kwa jicho tu, na kopo la bia kama timazi.
Hakutaka umeme wala shamba la kumwagilia.
Alitaka samaki, na mahali pa wanawe kujirusha.
Sisi kaya kumi na moja tulirithi raha yake,
na bomba lake la bati tumboni mwa tuta
ambalo hakuna aliyewahi kuliona lote.

Mkaguzi alikuja Aprili, kijana aitwaye Theriot,
buti mpya, fimbo ya kudungia ardhi.
Akahesabu mashimo ya panya wa majini.
Akahesabu mierezi saba mgongoni mwa tuta,
kila mmoja akauandika kama anaandika jina la mwizi.
"Lakini hicho ni kivuli chetu," nikamwambia.
"Mizizi haijui kivuli. Inajua maji."
Miguuni pa tuta majani yalikuwa mabichi mno
mahali ambapo kila kitu kimekauka.
Akapiga magoti, akakinga kiganja,
akatazama kama yanayovuja yamebeba udongo.
"Maangavu," akasema. "Afadhali."
Sikujua afadhali ni neno zito hivyo.

Kumbe daraja ni mbili.
Moja ni ya hali: tuta likoje? Letu, hafifu.
Ya pili haiulizi likoje.
Inauliza: likienda, litamkuta nani?

Miaka hamsini lingemkuta Stegall na malisho yake,
ng'ombe wawili watatu, uzio, kijito.
Hatari ndogo, waliandika. Tukalala.
Halafu Stegall akafa, wanawe wakauza vipande,
na mwaka juzi ikaja nyumba ya magurudumu,
ya bluu, na trampolini,
na mbwa mwenye jicho moja la maziwa.
Tuta halikusogea hata inchi.
Hatari kubwa.

Kikaoni Vernon Pruitt alipiga meza:
waliotukuta ndio wahame!
Fundi alitaka dola laki moja na arobaini elfu.
Mimi ndiye mweka hazina: tulikuwa na elfu sita
na pesa za keki.
Mtu akasema tuyaachie maji yaende zake. Mtu akalia.
Mtu akauliza kama tunaweza kuinunua ile trampolini.
Alimaanisha nyumba.

Nikateremka na mkate wa maboga,
maana sikujua watu huenda na nini kwa jambo kama hili.
Delphine Ransdell alinifungulia, mtoto mguuni.
Nikageuka pale ngazini, nikatazama juu.
Miaka thelathini nimelitazama bwawa.
Tuta sikuwahi kuliona.
Kwa chini ni kilima tu, nyasi; tone huoni.
"Nyuma ya kilima kuna nini?" mtoto akauliza.
"Samaki," nikasema.
Yaliyobaki nilimwambia mama yake, mlango ukiwa umefungwa.

Sasa tumeyashusha maji futi tano.
Gati zimesimama kwenye tope kama bata waliosahauliwa.
Mierezi imekatwa, Vernon hanisalimu.
Pesa, bado.

Jana usiku ilinyesha inchi mbili.
Saa tisa nilikuwa miguuni pa tuta,
magoti yameloa, chupa ya jemu mkononi.
Dirishani kwa Delphine taa ilikuwa inawaka.
Nikaijaza chupa, nikaiinua mbele ya tochi,
nikangoja vumbi litulie ndani yake, kama lipo.
Nikangoja tena.
Kisha nikaizima tochi na kuiwasha mara mbili,
kama tulivyokubaliana.
Taa yake ikazimika.